Majina Waliyoyaacha kwa Baba Zao

Miaka thelathini na minne Umakant Karna alikuwa karani wa ofisi ya tarafa, na mwandiko wake ulisifiwa hata na waliomchukia. Ajabu ni kwamba mwandiko huohuo ndio uliomnyima mjane haki yake.

Kwetu Belahi, bibi harusi akishavuka kizingiti, jina lake hubaki kwa baba yake. Sisi humwita kwa kijiji alichotoka, Wa Pachahi, Wa Sisauni, mpaka siku tunayoipeleka maiti yake kuchomwa. Basi Umakant alipotumwa kuandikisha wakazi, enzi za ujana wake, alijaza alichokisikia. "Wa Pachahi," akaandika kwa wino mzuri, akafungua ukurasa mwingine. Wala tusimcheke, maana sote tungeandika vivyo hivyo.

Mwezi wa pili baada ya kustaafu, Wa Pachahi mwenyewe alimjia nyumbani na karatasi zilizokataliwa mara tatu. Ofisini walimwambia kijiji hakilipwi pensheni ya ujane.

"Hebu tazama huu mwandiko, karani," alisema yule bibi. "Unamjua mwenyewe?"

Umakant akatazama, aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka moto.

"Kwani jina lako nani, bibi?"

Bibi alifikiri kidogo. "Sunaina," akasema. "Tangu mama afe hakuna aliyeniita hivyo."

Raha ya kustaafu ikaishia hapo. Karatasi za Sunaina zilichukua miezi minne kunyooka, na zilipokwisha, wajane wengine walikuwa wameshapanga foleni. Kila asubuhi, akishamaliza mchele wake wa kupondwa uliochanganywa na mtindi, Umakant aliketi kwenye baraza ya maktaba ya kijiji akiwajazia watu fomu bure. Alimwuliza kila mwanamke jina lake, akaliandika daftarini pamoja na kisa chake.

"Mzee kapata kazi ya kuhesabu wake za watu," mwenyekiti wa kijiji alimtania.

"Wako nimeshamwandika," Umakant akajibu. "Nenda kamuulize jina lake, nadhani hulijui."

Mwenyekiti hakulijua kweli. Wiki nzima hakupita njia ile.

Mwaka wa sita daftari likawa kitabu chenye wanawake mia mbili na kumi na watatu. Siku moja kabla ya uzinduzi, mkewe, Wa Sisauni, alimwekea samaki na wali, kisha akabaki amesimama.

"Nimo?"

"Umo. Ukurasa wa mwisho."

"Na kesho utayasoma yote mbele ya watu?"

"Yote."

"Hata la mwisho?"

Umakant akajifanya anahangaika na miiba. Mume na mke wa kwetu hawatajani majina. Mume akilitaja la mkewe hadharani amejivunjia heshima, na mke akilitaja la mumewe anampunguzia umri, ndivyo tulivyolelewa. Miaka arobaini na mmoja Umakant alikuwa akimwita mkewe "Unasikia?", naye mke akimwita "Baba Nutan".

"Haya," mkewe akasema. "Wake za watu uwarudishie majina, mimi nibaki kijiji." Akaiondoa sahani, na samaki hajaliwa hata nusu.

Siku ya pili uwanja wa maktaba ulifurika. Walimvika paag nyekundu, kofia ya heshima ya kwetu, kichwani na shali mabegani, kama anavyovikwa mtu wa kuheshimiwa. Akaanza kusoma. Alipomtaja Sunaina, yule bibi aliinuka mstari wa mbele akasema, "Nipo." Wenzake wakamuiga, na kila aliyetajwa akasimama na kuitika, vichwa juu, vikongwe wenye magongo na maharusi wa juzi. Wanaume tulikaa tukiyasikia majina ya mama zetu.

Akafika la mwisho. Akanywa maji. Akafuta miwani.

"Vipi, karani, wino umekwisha?" mwenyekiti akauliza, na watu wakacheka.

Umakant akakohoa. "Unasikia," alianza kwa mazoea, na kicheko kikazidi. Kijasho kilimtoka chini ya paag. Akamtafuta mkewe kwa macho, akamwona kule nyuma, ameinamisha uso.

"Hemlata," akasema.

Kicheko kikakatika.

"Hemlata wa Sisauni," akarudia, safari hii kwa sauti yake ya ofisini, iliyokuwa ikifika mpaka getini.

Mkewe akainuka taratibu, akausogeza mtandio nyuma. "Nipo," akasema. Hakukaa. "Na aliyekiandika kitabu hiki ni Umakant Karna, mume wangu."

Wanawake wakaziba midomo kwa viganja.

"Shemeji, utamuua huyu," mwenyekiti akasema.

"Akifa leo, kitabu kimeshatoka," Hemlata akajibu, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Umakant hakucheka. Machozi yalimtiririka wala hakuyaficha. Tangu siku ya harusi hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwa mwanamke huyu. Akaisimamisha vizuri paag yake, akanyoosha mgongo.

"Nipo," akasema.