Kiti cha Kilomita Elfu Moja

Waendesha pikipiki wa mji ule walimwita Mama Siti, na wengi wao hawakuwahi kumwona amesimama. Walimkuta ameinama kwenye cherehani, miwani iko kwenye ncha ya pua, pini nne kazibana midomoni, anashona viti vya pikipiki. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na miwili. Kiti kilichochanika, kilichobonyea, hata kilichotafunwa na panya, vyote vilipita mikononi mwake, na wenyewe wakija kuvichukua walivitazama mara mbili wakidhani wamebadilishiwa.

Kuna jambo moja alikuwa hamwambii mtu. Viti vya watu wa safari ndefu vilimletea vumbi. Kimoja kilikuja na vumbi jekundu kama tofali, kingine na vumbi jeupe laini kama unga, kingine na mchanga wa kumetameta. Alivikung'uta mlangoni kabla ya kuvifungua, na kila akikung'uta alijiuliza huko vilikotoka kunafananaje. Pikipiki yake mwenyewe ilikuwa ndogo na ilijua njia tatu tu: duka la sponji, nyumba ya ibada, na kwa binti yake.

Basi mwaka aliotimiza miaka hamsini na mmoja, chama cha waendesha pikipiki kilipotangaza safari yake ya kilomita elfu moja ndani ya saa ishirini na nne, alimfuata kiongozi wao akamwomba amwandike. Kiongozi huyo alikuwa fundi wa breki aliyestaafu, nao walimwita Mzee Breki. Alianza kucheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akaandika.

Kwenye safari ile hakuna aendaye peke yake. Watu hufungwa wawili wawili, kila mmoja na pikipiki yake, wa nyuma akimwangalia wa mbele, na mmoja akifutwa, mwenzake naye anatolewa. Mama Siti alipangwa na mwalimu wa hesabu, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi, ambaye miaka miwili mfululizo alikuwa amekosa wa kwenda naye. Alipopata habari alimkumbatia mpaka miwani ikaanguka.

"Dada yangu, umeniokoa," alisema. "Sasa usije ukaniugulia."

Maneno hayo yalimkaa Mama Siti kifuani kama mwiba wa samaki.

Kaka yake, aliyeacha kuendesha kwa sababu ya mgongo, alimwazima pikipiki yake kubwa. Siku ya kwanza ya mazoezi alienda nayo mwendo wa saa tatu, akarudi akala chakula cha mchana amesimama, sahani kaiweka juu ya kabati. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alimvutia kiti cha mezani.

"Mama, kiti kipo."

"Nakiona."

"Saa tatu tu hizo. Hiyo safari ni saa ishirini na nne."

"Mwanangu, hesabu najua."

Alijua sana, na ndiyo iliyomnyima raha. Akiwa anafua, alihesabu: saa tatu mara nane. Akiwa amekaa ibadani, saa tatu mara nane. Aliomba, lakini hata maombi yake yalikuwa yamejaa wasiwasi. Aliombea matairi, akaombea cheni, akawaombea ng'ombe wa njiani wasije wakavuka wakati yeye anapita, na Mungu mwenyewe ndiye ajuaye kama amewahi kuletewa maombi ya namna hiyo. Aliyekuwa mbele ya yote katika mawazo yake ni mwalimu. Maumivu yakimshinda katikati ya njia, mwanamke yule ataikosa safari kwa mara ya tatu, na sababu ni yeye.

Jioni ya zoezi lile la kwanza alifungua kiti cha pikipiki ya kaka yake akaongeza kipande cha sponji.

Mteja akija kuomba hivyo, Mama Siti alikuwa na jibu lake: "Baba, unataka kiti au unataka godoro?" Kisha humweleza taratibu kwamba sponji nyingi ni tamu dakika kumi za mwanzo, halafu hudidimia, na tena humwinua mtu mpaka miguu ikaiaga ardhi. Aliyasema hayo kwa miaka na miaka. Lakini woga ukikuingia, hata kazi ya mikono yako unaisahau. Baada ya zoezi la pili kiuno kiliuma, akaongeza kipande kingine. Baada ya la tatu yaliuma mapaja, akaongeza cha tatu, akavuta ngozi kwa nguvu ikafunika, akashona mshono mzuri kabisa. Akikaa juu yake alijisikia salama, na alipotaka kusimama alitafuta ukingo wa barabara auegemeze mguu. Alijiambia watu wote wa safari ndefu hufanya vile.

Siku mbili kabla ya safari kulikuwa na ukaguzi kwenye uwanja wa shule. Mzee Breki alipanga ndoo kumi, na kila mtu alitakiwa azunguke, asimame kabisa kwenye kila ndoo, aondoke tena. Anayeangusha pikipiki anainua mwenyewe na kurudia mara moja. Akiangusha tena, anafutwa.

Mwalimu alipomwona anakuja alikaza macho.

"Dada, hapo juu hapo, mvua inaonekana inatokea upande gani?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Mama Siti naye alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa kwenye ndoo.

Ndoo ya kwanza aliipita vizuri, na ya pili, kwa kuegemea upande mmoja na ncha ya kiatu. Kwenye ya tatu ardhi ilikuwa na kishimo kidogo, ukubwa wa bakuli tu. Aliushusha mguu ukakuta hewa. Akasikia uzito wote wa pikipiki unakwenda nao, polepole, kama mtu anayejilaza kitandani, na yeye akaruka pembeni ikalala chini.

Alifanya kama alivyofundishwa: akaipa mgongo, akachuchumaa, akaegemeza makalio kwenye kiti, akashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, akasukuma kwa miguu akirudi kinyumenyume. Mara ya kwanza haikuinuka. Mara ya pili ikasimama. Alikuwa anahema, na hakuweza kumtazama mwalimu.

Mzee Breki alikuja bila haraka. Hakuishika pikipiki wala hakumpa pole. Alibonyeza kiti kwa kidole gumba, kidole kikazama chote.

"Mama Siti, kiti hiki kashona nani?"

"Mimi."

"Angekuja mtu kukuomba umshonee cha hivi, ungemshonea?"

Mama Siti alipitisha kidole kwenye ule mshono wake mzuri.

"Una mara moja," alisema mzee. "Uende nacho hivi hivi, au ufanye unavyojua wewe. Nakusubiri mpaka nimalize na wengine."

Mama Siti alibaki amesimama. Kwenda nacho vile, kishimo kimoja tu na wote wawili wamefutwa. Kukipunguza, basi yale maumivu yote aliyokuwa akiyafunika jioni kwa jioni yatamsubiri barabarani, na hapo hatakuwa na pa kujificha. Alitamani kumpigia simu binti yake. Alijua pia atakachoambiwa: Mama, rudi nyumbani. Akafumba macho kidogo, midomo ikicheza bila sauti.

Kisha akafungua mkoba. Kisu chake na koleo ndogo haviachi, hata akienda ibadani vimo. Alikifungua kiti, akakigeuza juu ya mapaja, akaanza kung'oa pini za chini moja moja. Pini mbili zikamchoma.

Mwalimu alichuchumaa kando yake, safari hii bila maneno. Akawa anapokea pini kwenye kiganja.

Kipande cha kwanza kikatoka, na cha pili. Cha tatu alikishika kwa muda mrefu.

"Hicho kiache basi," mwalimu alinong'ona. "Kidogo tu."

"Hiki ndicho kibaya kuliko vyote. Ndicho kilichoita hivyo vingine."

Akakivuta. Ngozi ilikuwa imebaki kubwa kama nguo ya kuazima, akaikunja kwa chini na kuifunga kwa uzi wa mkono, mshono mbaya ambao mteja asingeulipia. Alipokaa, nyayo zote mbili zilitua chini, visigino vikiwemo. Makalio nayo yalikumbuka pale pale kwa nini alikuwa ameongeza sponji.

Alizunguka. Kwenye ndoo ya tatu aliuona ule mtaro wa mchanga aliouchimba kwa kuanguka, akashusha miguu miwili, ikashika. Ya nne. Ya saba. Ya kumi alisimama muda mrefu kuliko ilivyotakiwa, kwa kuwa hakuamini kwamba zimekwisha.

Mzee Breki akatia alama kwenye karatasi yake.

"Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri. Tangi lije limejaa."

"Mzee," Mama Siti aliuliza, "na kuuma je? Kunaacha baadaye?"

Mzee hakuwa mtu wa kudanganya watu kwa upole.

"Baada ya saa ya sita kunahamia mahali pengine."

Akaondoka zake. Mama Siti alikaa juu ya pikipiki, siku mbili zikimtazama. Mwalimu alikuwa ameokota vile vipande vya sponji, anavikung'uta majani.

"Sasa hivi huvitaki? Nivitie kwenye changu, hata kimoja."

Mama Siti alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, kama anavyowatazama wateja wake kabla ya kushika futi kamba.

"Wewe miguu yako ni mifupi kuliko yangu," alisema. "Lete pikipiki yako hapa nikione hicho kiti."