Siku Niliyonyamaza Kwenye Usaili

Miaka kumi na tisa nimebeba mizigo ya wageni mlimani, na Kiingereza changu nilikiokota hukohuko, kambi kwa kambi. "Water hot ready, you drink." Nani aliwahi kulalamika? Walikunywa, wakalala, wakafika kileleni.

Lakini magoti yangu yamechoka na mteremko, nikaona niombe leseni ya kuongoza watalii. Nikiipata, nabeba begi langu tu. Nikiikosa, ni kilo ishirini kichwani mpaka siku nitakayoanguka. Mke wangu akasema, "Nenda kwa yule mwalimu mstaafu wa Kilema akunyooshe ulimi." Nikampelekea mzee mkungu wa ndizi, nikampa shikamoo, akakubali kunifundisha.

Hapo ndipo nilipoharibika. Alinipa vineno viwili, "a" na "the". Mgeni ambaye hajatajwa ana "a", akishatajwa, "the". Ukiutaja mlima wetu kwa jina, hautaki kitu. Ukisema mlima tu, unadai "the". Jamani! Huku kwetu ukisema mlima, hata mtoto anajua ni upi. Nikikosea, mzee anagonga meza: "Rudia!" Miezi mitatu ya kugongewa meza. Nikawa sitoi neno kabla sijalipima.

Siku ya usaili, mjini Moshi, bwana mmoja akaniuliza kwa Kiingereza: mgeni anatapika, kichwa kinamuuma, anayumba kama mlevi, utafanya nini?

Kuniuliza mimi! Mimi niliyewahi kumshusha mtu wa namna hiyo mgongoni, akapona. Nikaanza, "I take..." Nikakwama. Mgeni huyu ametajwa, au bado? Na machela, ni ile ya kambini au yoyote? Jasho likanitoka. Bwana akatazama saa, kisha akasema kwa Kiswahili, kwa upole ulioniumiza kuliko tusi, "Mzee, kama hujui, sema tu hujui."

Nikasema, "Sijui."

Nyumbani mke wangu akauliza nimeulizwa nini. Nikamweleza.

"Na mgonjwa wa hivyo anafanywaje?"

"Anashushwa saa hiyohiyo, hata akilia kwamba anataka kilele. Ukichelewa, unashusha maiti."

Akanitazama. "Sasa si ungewaambia hivyo hivyo, baba?"

Nikatoka, nikaenda zizini kwa ng'ombe, nikalia huko. Jumatatu nikajitwika mzigo.