Shikamoo ya Baba

Baba yangu alikuwa na sheria moja iliyojulikana kijiji kizima: salamu mbovu aliirudisha ilikotoka. Ukimwamkia huku unatafuna, au macho yako yako kando, hakuitikia. Alinyoosha kidole kuelekea njia uliyojia. Ulirudi mpaka kwenye mkaratusi wa kona, ukaja upya, ukasimama, ukasema "Shikamoo" kama mtu aliyelelewa. Hapo ndipo alipotoa "Marahaba" yake, ndefu, ya kifuani, nawe ukaruhusiwa kupita. Watoto wa majirani walikuwa radhi kushuka bondeni na kukata katikati ya bustani za kabichi, miguu ikitota matope, ili tu wasikutane naye. Sisi wa nyumbani hatukuwa na pa kuzungukia.

Nayasema haya mapema ili ieleweke ugonjwa ulimfanyia nini.

Kiharusi cha kwanza kilimkuta shambani akisimika miti ya maharage. Ni kidogo tu, daktari alisema. Cha pili kilikuja kabla hatujakizoea cha kwanza, nacho tukaambiwa ni kidogo. Nimelichukia neno hilo mpaka leo. Mkono wake wa kulia ulilegea, mdomo ukavutwa upande, na maneno yakahama mahali pake. Chumvi aliiita sukari. Paka akawa kuku. Hayo tuliyachukua, tena tulicheka, na yeye alicheka kwa upande ule wa uso uliobaki mzima.

Lakini salamu nayo ikageuka. Ukimwambia, "Shikamoo, baba," anakutazama kwa adabu zote na kukujibu, "Shikamoo." Wala hakungoja kuamkiwa. Alianza yeye. Alimwamkia mama wa maziwa anayetoka Kwai, ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Alimwamkia fundi aliyekuja kuziba bati. Siku moja nilimsikia akimpa mbuzi shikamoo safi kabisa, na mbuzi ndiye peke yake ambaye hakupata taabu.

Kwa sababu watu tulipata taabu kweli. Utafanyaje? Kumwitikia baba yako mzazi "Marahaba" ni kumvua nguo hadharani. Kunyamaza nako ni kumwacha mtu amesimama na salamu yake mkononi. Wengine walijaribu kupita katikati, wakasema, "Salama, mzee, salama." Hakuridhika. Aliposhindwa kupata jibu alidhani kosa ni lake. Alirudi nyuma hatua chache, fimbo ikitetemeka, akaja upya, akasimama, akasema tena, taratibu zaidi, "Shikamoo." Sheria yake mwenyewe ilikuwa imebaki kichwani nzima, isipokuwa sasa mtoto alikuwa yeye.

Niliona aibu. Sitaki kuita jambo hili kwa jina lingine. Sikumwonea huruma kwanza, nilimwonea aibu, na nilijionea aibu mimi niliye binti yake. Mimi ni mjane, nilirudi kwa baba, mwanangu akiwa bado mgongoni, na kitu pekee nilichokuwa nacho cha kujivunia mbele za watu kilikuwa yule mzee. Mtu akitaka kunidharau, alikumbuka mimi ni binti wa nani. Sasa walimkumbuka na kuficha kicheko kwenye kanga.

Daktari alikuwa ametuambia wazi: msimfiche, mzungumzisheni, mkae naye penye watu, maneno yatarudi kwa kutumiwa. Mazoezi mengine niliyafanya vizuri. Nilimpa soksi iliyofungwa aiminye. Nilimkalisha na koti lake la kanisani afungue na kufunga vifungo, mkono wa kulia ukihangaika na tundu moja hadi uji unapoa. Lakini la penye watu nililiacha. Kanisani nilisema ana mafua. Barazani nikamwondoa, nikamwekea kiti nyuma ya nyumba akitazama kabichi. Nikamwambia jua la huko ni zuri kwa mifupa. Nyuma ya nyumba yetu jua halifiki mpaka mchana, na msimu wa ukungu halifiki kabisa.

Mwanangu hakuwa kama mimi. Aliporudi jioni kutoka Lushoto mjini anakofanya kazi duka la dawa, alipita moja kwa moja nyuma, akamshika babu yake mkono ule uliolegea. "Shikamoo, babu." "Shikamoo." "Shikamoo wewe, babu!" "Shikamoo!" Waliendelea hivyo mpaka wote wawili wanacheka. Mimi nilikuwa jikoni nikigonganisha masufuria.

Ndipo likaja suala la posa ya binti yangu huyo. Kijana alikuwa mtu wa Vuga, na washenga walituma neno kwamba wanakuja. Kwetu wageni wa namna hiyo hawakai kitini ovyo. Wanasimama, wanamwamkia mkubwa wa nyumba, naye anaitikia. Marahaba yake ndiyo inayofungua mazungumzo. Kabla ya hapo hakuna jambo linalozungumzwa.

Mdogo wangu alipanda kutoka Tanga kwa shughuli hiyo. Tulikaa jikoni sisi watatu.

"Dada, mzee tumwache ndani," alisema. "Nitaitikia mimi."

"Mjomba, babu yupo hai," mwanangu alisema. "Ndiye aliyenilea. Unaitikiaje wewe wakati yeye yupo chumbani?"

"Unataka amwamkie mchumba wako?" nikamuuliza.

"Amwamkie. Mimi nitafurahi."

"Wewe utafurahi, na mimi watu wa Vuga watanitazama vipi?" Nilisema hivyo, kwa sauti, na ndivyo nilivyomaanisha.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimwambia baba wageni wameahirisha. Alinitazama. Kuku walikuwa wamechinjwa uani, viti vya jirani vilikuwa vinapita mlangoni kwake, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na gauni langu la sikukuu nikimwambia wameahirisha. Alitikisa kichwa polepole. Nikarudishia mlango.

Washenga walifika, wazee wawili na kijana mwenyewe nyuma yao, viatu vikiwa na matope ya njiani. Mdogo wangu aliwapokea. Walikuwa bado wamesimama, mimi nikitoka jikoni na sinia la chai, mlango wa chumbani ulipofunguka.

Baba alikuwa amevaa koti lake. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa, kila kimoja kwenye tundu lake, kazi ambayo mkono ule haukuwahi kuimaliza tangu augue. Sijui alianza saa ngapi. Alipita mbele ya wazee wa Vuga, akaja mpaka nilipokuwa, mimi mwenye sinia, akasimama vizuri.

"Shikamoo," akaniambia.

Kijana wa watu alitazama sakafu.

Nilinyamaza. Baba akarudi nyuma mpaka mlangoni mwa chumba chake, akishika ukuta. Akaja upya. Mate yalikuwa yameanza kumshuka upande wa mdomo. "Shikamoo."

"Mama," mwanangu akaninong'oneza, "mshike tu mkono."

Baba akarudi nyuma mara nyingine, na nilijua angerudi hivyo mpaka jioni. Alipokuja tena na kufungua mdomo, sikumngoja amalize.

"Marahaba!" nikasema. "Marahaba, basi! Haya, nenda ndani."

Akaenda. Hakubisha, hakunikunjia uso. Aligeuka kama mtoto aliyetumwa, na kabla ya kufunga mlango aliinamisha kichwa kidogo kwangu, kama inavyopaswa mbele ya mkubwa.

Mshenga mmoja alisema, "Poleni na kuuguza," na wakakaa. Mambo yaliendelea, maana walikuwa watu waungwana, na mwanangu ataolewa. Lakini kwa siku nyingi hakuzungumza nami zaidi ya lile la lazima. Kiti cha babu yake alikirudisha barazani yeye mwenyewe, njiani kabisa, na siku za soko alimpeleka Soni, akamkalisha kati ya matenga ya karoti na hoho ambako kila apitaye humsemesha mzee. Sikumzuia. Nilikuwa sina tena uso wa kumzuia.

Na daktari alikuwa amesema kweli. Chumvi ikawa chumvi. Paka akarudishiwa jina lake. Mdomo ulianza kunyooka, na siku moja, plamu zikianza kuiva, nilikuwa nikimenya viazi jikoni nikasikia sauti ya mama wa maziwa huko mbele: "Shikamoo, mzee." Kisha ikaja, ndefu, ya kifuani, vilevile kama zamani: "Marahaba."

Nilitupa kisu. Nilitoka mbio nikijifuta mikono kwenye kanga, nikapiga magoti kabisa mbele ya kiti chake, machozi yananitoka. "Shikamoo, baba."

Alinitazama kwa upole. Akaitafuta fimbo, akajitahidi kuinuka, kama mtu anayempisha mkubwa wake kiti.

"Shikamoo," akasema.

Nilimweleza daktari. Alisema kupona hakuji kwa mkupuo, tuvumilie. Nimevumilia. Lakini mwanangu anamwamkia na anaitikiwa. Mdogo wangu alikuja na akaitikiwa. Watoto wa majirani wameanza tena kupitia kwenye kabichi, kwa sababu sheria imerudi na kidole kimerudi. Ni mimi peke yangu ninayeamkiwa.

Juzi asubuhi nilimpelekea uji, nikauweka, kisha nikatoka nje. Nilitembea mpaka kwenye mkaratusi wa kona. Kulikuwa na ukungu, na mama wa maziwa alinipita akashangaa nimesimama pale mtu mzima bila mzigo wowote. Nikaja upya. Sikutafuna kitu, sikutazama kando. Nilisimama mbele yake mikono imetulia.

"Shikamoo, baba."

Alikishusha kikombe chini, akajifuta mdomo, akajiweka sawa kwenye kiti.

"Shikamoo," akasema, kila herufi mahali pake, na akasubiri nimwitikie.