Mcheza Tamthilia Aliyeingojesha Kahawa

Nilikuwa nimefikia kwa shangazi yangu, mtaa wa Azaiba, Maskati, "kwa siku chache" kama nilivyomwambia, na yeye aliyenizoea hakuuliza chache ngapi. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijakaa mahali nikamaliza hata kipande cha sabuni. Safari ile nilikuwa nimetoka kupaka rangi mashua kijiji cha Qantab, na kwa shangazi nikapewa kazi ya heshima: kuwamiminia wageni kahawa.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa bwana mmoja aliyeoa Mfilipino, mcheza tamthilia. Kwao Manila bibi huyo alikuwa akicheza wake wanaoonewa. Tamthilia zake zilitiwa sauti za Kiswahili zikaonyeshwa Unguja, na jamaa zetu wakazifuata mpaka huku kwenye simu zao. Shangazi alikuwa amemlilia miaka kabla ya kumwona. Alipoletwa Maskati bibi harusi, mtaa mzima ulikwenda kumtazama, na wanawake wakamwomba alie kidogo tu, waone.

Kisha mume akaanza kumpiga, na wale wale waliomlilia wakageuka mabingwa wa sanaa.

"Yule kulia ndiyo kazi yake," alisema jirani mmoja huku anakula sambusa zetu. "Mie nshamwona akifa mara mbili."

Asubuhi moja bibi yule akaja kwa shangazi, jicho moja limefumba. Kiswahili alikuwa amekiokota jikoni kwa mama mkwe wake, kikamtosha. Shangazi akaenda kutafuta barafu, nami kwa udadisi wangu usio na adabu nikamwuliza kama kwenye tamthilia walikuwa wakimpiga kweli.

"Kule kofi lina kelele, alama hamna," akanijibu. "Hapa alama ipo, kelele hamna."

Alichotaka ni kurudi kwa mama yake. Paspoti yake ilikuwa imefungiwa kabatini kwa mume, na ufunguo anatembea nao mfukoni. Shangazi akamwambia, "Utakaa hapa, mwanangu," akamtandikia chumba cha ndani.

Kesho yake, baada ya alasiri, mume akaja na ami yake.

Hapa mtu akija na haja nzito, kikombe cha kwanza cha kahawa hakinywi. Anakiweka chini mbele yake, anasema shida yake, na kahawa inangoja mpaka mwenye nyumba aseme ndiyo. Kumwacha mgeni aondoke kahawa yake haijanywewa ni aibu ambayo wachache wanaiweza. Kwa desturi hiyo watu wameposewa mabinti na damu zimesamehewa. Siku ile ililetwa ili mtu arudishiwe mke wake akaendelee alipoachia.

Mume alikuwa amepiga kanzu pasi mpaka inakata, ananukia udi, sauti laini ya mtu mkubwa ofisini. Nikawawekea halwa, nikamimina. Ami akakiweka kikombe chake chini, mume naye akaiga.

"Bibi, tuna haja."

"Semeni."

"Tunamtaka mke wetu."

"Wetu?" shangazi akauliza. "Kwani mnampiga kwa zamu?"

Ami akakohoa. "Mambo ya nyumbani haya, bibi. Hasira kidogo. Na yeye, unajua, ni mtu wa kuigiza."

Shangazi akavitazama vikombe. Kuwatukana angewatukana mpaka magharibi, lakini hakuna mgeni aliyewahi kutoka kwake kahawa imebaki. Nikamwona anafumbua mdomo, nikajua anakwenda kukubali.

Hapo pazia likafunguka. Mcheza tamthilia akatoka, akakaa kwenye zulia, akanyoosha mkono. Nikammiminia. Akakiweka kikombe chini polepole kwa mkono wa kulia, akanyoosha mgongo, sawasawa na ami. Alikuwa amemwona kupitia pazia mara moja tu, kwake ilitosha.

"Na mimi nna haja, Bibi."

Mume hakuwa mtu wa kuiacha halwa ingoje. Tangu akae alikuwa akiichota, na alipomwona mkewe pale tonge likamkwama kooni. Akadaka kikombe, akakinywa chote. Tena kwa mazoea akakitikisa mbele yangu, ishara kwamba ametosheka.

Ami alimtazama kama anayemtazama mbuzi aliyekula mkeka wa msikiti.

"Alhamdulillahi," akasema shangazi, uso umekunjuka. "Mwenye haja amekunywa. Imekwisha hiyo. Haya mwanangu, yako?"

"Paspoti yangu."

"Anaigiza!" mume akapiga kelele. "Bibi, huoni anaigiza?"

"Naona. Na wewe kukaa mbele ya kahawa tu umeshindwa." Akamgeukia ami. "Utaileta wewe, mtu mzima."

Ami alikuwa amenaswa. Desturi aliileta mwenyewe sebuleni, hakuweza tena kuiita upuuzi. Akamnyooshea mtoto wa nduguye kiganja. "Lete ufunguo." Akatoka, akarudi na paspoti ameishika kwa vidole viwili kama kitu kilichomchafua.

Mcheza tamthilia akaifungua, akaitazama picha yake, akaitia kifuani. Kahawa ilikuwa imeshapoa. Akainywa yote, akaninyooshea kikombe nimmiminie nyingine, na mumewe bado amekaa pale pale, hakuna aliyemfukuza wala aliyemkaribisha halwa.