Baruti Juu ya Meza ya Mama

Hapa Doha wamerusha fataki jioni hii, na moshi wa baruti ukanifikia kwenye roshani ya binti yangu. Nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa na bunduki ya kufukuzia nguruwe mwitu shambani, na maganda ya risasi aliyajaza upya mwenyewe, juu ya meza ya mama. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kuongea. Ukipiga domo utasahau, utie baruti mara mbili kwenye ganda moja, bunduki ikupasukie usoni.

Siku niliyoruhusiwa kukaa karibu naye, mama alichungulia mlangoni. "Baba watoto, ugali niuweke wapi, kichwani?"

Baba akageuka, akacheka. Kisha akachota baruti, akalielekea ganda lile lile alilokwisha kulijaza.

"Baba, hilo limejaa!"

Akalitazama ganda. Akairudisha baruti. "Nani ameongea?"

"Ni mimi."

Nikainuka, najua natimuliwa.

"Kaa chini. Mama yako ndiye atoke."

"Meza ni yangu!" mama akasema, lakini akatoka akicheka.

Tangu siku hiyo mtu mmoja tu aliruhusiwa kuongea pale, na kidevu chake kilifika mezani kwa shida.