Nani Aanze Kumega

Asubuhi niliyoondoka nyumbani nilikuwa na jembe begani na nilikuwa nakwenda kupalilia kahawa. Nasema hivyo kwa sababu watu hudhani mtu anayehama kwao hukesha akipanga. Mimi sikupanga chochote. Tulipofika barabarani tulikuta lori la mahindi limezimika, na utingo akatuomba tusukume. Tulikuwa watatu. Tulisukuma, lori likawaka, na badala ya kubaki nyuma kama watu wenye akili tukajikuta juu ya magunia, linateremka kuelekea ziwani. Majembe tulimtupia mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi. Alitutukana kwa Kimatengo mpaka kona ikatuficha.

Wenzangu niwaeleze. Mmoja alikuwa mtoto wa baba mkubwa. Kwa miaka nilimzidi, lakini kwa nyumba alinizidi, maana baba yake ndiye aliyemtangulia baba yangu kuzaliwa. Kwa hiyo yule mtoto, aliyekuwa bado anaimba sauti ya kwanza kanisani, mimi nilimwita kaka. Wa pili alikuwa rafiki yetu, mtoto wa fundi cherehani wa Mbinga mjini. Huyu hakuwa ndugu, lakini palipokuwa na chakula alikuwapo.

Na mimi nilikuwa mtu mwenye jambo lake. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano. Sikuichukia. Nilikuwa nataka tu kujua kila kitu kwa wakati mmoja, na mwalimu alitaka nianze na sehemu. Nilizurura muda mrefu, nikabeba matofali, nikachunga ng'ombe wa misheni, mpaka babu alipochoka. Jioni moja mbele ya wote akatoa neno: Jumatatu ninarudi shuleni, darasa lile lile la tano. Ndevu zilikuwa zimeanza kuniota, chache kiasi kwamba nilizifahamu moja moja, na nilikuwa nimekwisha jiona nimekaa dawati moja na watoto wanaofutwa kamasi. Neno la babu halikujibiwa ila kwa "ndiyo". Nikasema ndiyo. Lori lile lilinikuta na ndiyo yangu kooni, siku chache kabla ya hiyo Jumatatu.

"Tunakwenda wapi?" kaka aliuliza baada ya kupita Kingerikiti.

"Bustanini," nikasema, kana kwamba nilikuwa nimelifikiria tangu mwaka jana.

Bustani ile ilikuwa habari ya mjini wakati huo. Soko lilikuwa limefunguliwa. Zamani kahawa yetu ilikwenda chama cha ushirika na malipo yakaja yanapopenda. Sasa wanunuzi binafsi walipanda na magari mpaka uani kwa mtu, wakalipa papo hapo. Tajiri mmoja aliyenufaika na biashara hiyo alijenga bustani ya starehe Mbamba Bay, karibu kabisa na maji. Palikuwa na bembea za minyororo, na wanyama wa saruji waliopakwa rangi: chui aliyefanana na mbwa wa jirani, mamba mwenye meno ya vigae, na twiga mwenye shingo fupi kwa sababu, watu walisema, nondo ziliisha. Katikati palikuwa na hoteli ya kulia, yenye viti vya plastiki na meza zenye vitambaa. Kila aliyefika kule alirudi na picha amekaa juu ya mamba. Sisi tulikuwa na fedha kidogo ya kuchuma kahawa, na hatukuwa na mtu mzima. Hayo mawili tuliyahesabu kuwa utajiri.

Tuliingia kwa mwendo ambao hata sasa nikiukumbuka naona aibu kwa niaba ya miguu yangu. Nilitembea kama mnunuzi wa kahawa. Tukakaa. Mtoto wa fundi, aliyedai kuzijua hoteli zote za Mbinga na mbili za Songea, akapiga meza kwa kofi.

Dada mhudumu akaja. "Meza ya watu hiyo. Imekukosea nini?"

"Tunataka chakula, dada."

"Samaki kuna mbasa, kuna magege. Kuna kuku pia, lakini kuku bado anatembea."

Tukachagua mbasa, maana ndiye samaki ambaye kule milimani tulimsikia zaidi ya kumwona.

"Sahani ngapi?"

"Moja," nikasema.

"Watu watatu, sahani moja?"

"Sisi ni ndugu," mtoto wa fundi akajibu, na kweli wakati huo alikuwa ndugu kuliko sisi sote.

Dada akataka alipwe kwanza. Tukalipa. Baadaye akaleta beseni la kunawia, ugali wa muhogo mweupe unaong'aa, na mbasa mzima amelala kwenye sinia, mkia umetokeza nje. Tukanawa. Kisha tukakaa tukimtazama samaki, naye akitutazama.

Hapa ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimewahi kula bila mkubwa, hata siku moja.

Kwetu wanaume wa ukoo hula pamoja mahali pamoja, tunapaita sengu. Kila mama huleta chungu chake, na babu hukaa penye nafasi yake. Yeye hunawa kwanza, humega kwanza, na akishamega wengine hufuata kwa ukubwa wao mpaka kwa mdogo, ambaye hupata kinachobaki na kuondoa vyombo. Hakuna anayeinuka kabla yake. Na anayemega kwanza ndiye mwenye neno. Akitaka kukukemea, atakukemea hapo hapo tonge likiwa mkononi, na wewe huwezi kuondoka kwa sababu hujashiba. Mambo yote ya ukoo yaliamuliwa hivyo, na la darasa langu la tano pia. Hatukuwahi kuliita sheria, lakini kutonyoosha mkono kabla ya mkubwa tulikuwa tumekuzoea kama kufumba macho mtu anapopiga chafya.

"Kaka, mega," nikamwambia, nikilivuta lile neno kaka kwa dhihaka.

"Wewe ndiye mwenye ndevu. Mega."

"Kwa hiyo mkubwa ni mimi?"

Akafikiri. Alikuwa mtoto mwenye kufikiri, jambo lililonichosha sana. "Hapana. Mkubwa ni mimi."

"Basi mega, tule."

"Nikimega, neno ni langu. Kesho tunapanda gari tunarudi, na Jumatatu unaingia darasani."

Nikaushika mkono wake. "Basi usimege!"

"Mega wewe, halafu uniambie tunakwenda wapi."

Hapo akanikamata. Ningemega, ningekuwa mkubwa wa safari isiyo na mahali pa kwenda, nikiwa na watoto wa watu wawili juu yangu. Nikaurudisha mkono wangu pajani.

"Jamani, mimi ni mgeni wenu," mtoto wa fundi akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Niacheni nimege, mpone."

"Wewe nyamaza," nikamwambia. "Kwenu mnakula kwa vijiko."

Ugali ukaanza kufanya ngozi juu. Watu wa meza za jirani wakaanza kutugeukia. Dada mhudumu akarudi, mikono kiunoni.

"Mbona hamli? Samaki ana kasoro?"

"Tunasubiri," kaka akasema.

"Mnamsubiri nani?"

Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumekimbia wakubwa wote wa milimani, na sasa tumekaa mbele ya mbasa, tunasubiri mmoja wao atokee.

Kaka ndiye aliyemwona. Karibu na twiga alikuwa amekaa mzee mmoja mwenye koti zito, la kumtoa jasho mtu yeyote kando ya ziwa, anakunywa chai kavu. Kaka akaenda na kuinama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunaomba utuanzishie."

"Niwaanzishie nini? Gari?"

"Kula, mzee. Umege tu."

Yule mzee akatutazama, akamtazama samaki, na nadhani alipomwona samaki akaelewa haraka kuliko kawaida. Akaja na kiti chake. Akanawa mpaka kwenye viwiko. Akamega. Sisi tukapumua, mtoto wa fundi kwa sauti, tukanyoosha mikono. Nilitegemea kwamba baada ya tonge hilo moja atarudi kwenye chai yake. Hakurudi.

"Kwenu mkubwa hupewa kipande gani?" akauliza.

"Anachokitaka," kaka akasema, maana hakuwa na uwezo wa kumdanganya mtu mzima.

Basi mzee akataka tumbo, na baada ya tumbo akataka mgongo. Alikuwa mchuuzi wa samaki, na alijua nyama ilipo. Sisi tukala ugali wa muhogo, uliotunata vidoleni kama gundi kwa kuwa hatukujua namna ya kuumega, na tukatafuna mkia tukiusifu. Mtoto wa fundi alinitazama kwa macho ambayo mpaka leo nayaona nikimwona mbasa.

Mzee aliposhiba, akawa mkubwa kweli.

"Sasa nyinyi, mmetoka kwenu kwa ruhusa ya nani?"

Kaka akamwaga yote: majembe, lori, babu, Jumatatu, darasa la tano. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, kumbe namkanyaga mtoto wa fundi, ambaye hakujali, alikuwa ananyonya mfupa.

"Basi," mzee akasema, akiegemea nyuma. "Mimi kesho alfajiri napeleka samaki Mbinga. Mtapanda gari langu, wote watatu. Nitawafikisha mlangoni kwa babu yenu, na nitamwambia mmekula na mimi. Wewe mwenye ndevu, umesikia?"

Jibu nililijua, lilikuwa neno moja. Nililisikia likipanda. Badala yake nikainuka.

Ningependa kusema niliinuka kwa ushujaa, nikatoa hotuba. Niliinuka tu, kabla ya mkubwa, na nilipokuwa nimesimama sikujua kinachofuata, kwa kuwa hakuna mtu niliyewahi kumwona amefanya hivyo. Beseni la kunawia lilikuwa upande wa mzee na sikuthubutu kulipitia. Nikaondoka na mkono wangu wa kulia umetapakaa muhogo, vidole vimegandamana, nikipita katikati ya chui na mamba, na dada mhudumu akasema nyuma yangu, "Huyo amekasirikia samaki?"

Nilichuchumaa ufukweni nikisugua mkono kwa mchanga. Pembeni yangu boti ya mashine ilikuwa inapakia magunia ya chumvi na katoni za sabuni. Mwenye boti alikuwa mtu wa maneno machache.

"Wewe. Huna kazi?"

"Sina."

"Unaweza kuchota maji?"

"Naweza."

"Boti inavuja. Chota mpaka Lituhi, sitakudai nauli."

Nilikuwa nimekwisha ingia mpaka magotini wenzangu walipofika wakihema. Kaka alikuwa na uso wa babu, kabisa, ila bila mvi.

"Toka majini."

"Sitoki."

"Mzee anasubiri jibu lako."

"Mwambie nimekufa."

"Siwezi kumwambia hivyo. Ataniuliza umekufaje."

Mwenye boti akapiga mashine mara moja, ikakohoa na kufa. Kaka akatazama maji, kisha akanitazama, na midomo yake ikatetemeka kidogo. Nilitaka kumcheka lakini yangu ilikuwa inafanya hivyo hivyo.

"Mkubwa wako ni nani?" akauliza.

Wakati wa chakula ningeweza kubishana mpaka jioni. Pale sikuweza.

"Ni wewe, kaka."

"Basi neno ni langu?"

"Ni lako."

"Nenda," akasema. "Babu nitamjibu mimi. Nitasema nimekuruhusu." Alijua atakachopata kwa neno hilo, nami nilijua, fimbo ya babu haikuangalia nyumba ya nani. Kisha akaongeza haraka, kama mtu anayeogopa kusikika vizuri, "Lakini niachie hivyo viatu."

Vilikuwa viatu vya mtumba, vyekundu, fahari yangu kuu duniani.

"Vya nini?"

"Nimwonyeshe babu, aamini."

"Pumbavu," mtoto wa fundi akasema. "Ukirudi na viatu vyake ndipo atasema umemzamisha."

Kaka akafikiri, akaona ni kweli, akaniachia viatu. Mashine ikawaka. Sikupunga mkono, nilikuwa nimekwisha anza kuchota.

Nilichota maji na nikatapika, nikatapika na nikachota, na mara moja nilivichanganya viwili hivyo, kopo likaenda kusikohusika. Usiku boti ilitia nanga kwenye ghuba moja, nikalala juu ya chumvi. Asubuhi tukafika Lituhi. Mitumbwi ilikuwa imepangwa mchangani, wanawake wanaanika dagaa, na hapakuwa na hata mtu mmoja aliyeinua kichwa kuona nani ameshuka.

Mwenye boti akanipeleka kwa dada yake, mama mmoja mjane aliyekuwa na chumba cha nyavu nyuma ya jiko. Nikamwamkia. Akaniitikia, akanikagua kuanzia viatu kwenda juu, akaona shati lililotapikiwa.

"Wazazi unao?"

"Ninao, mama."

"Wanajua uko wapi?"

"Watajua leo."

Akafungua mlango. Ndani kulikuwa na marundo ya nyavu, harufu ya samaki, na dirisha moja dogo.

"Utakaa mpaka lini?"

Nilingoja kidogo. Maisha yangu yote swali kama hilo mtu mwingine alilijibu, nami nilikuwa wa kusema ndiyo. Niligeuka hata nikatazama nyuma. Mwenye boti alikuwa amekwisha kwenda.

"Sijui, mama," nikasema.

"Anayejua hulala kule ndani, asisumbuliwe," akasema, akinitupia mkeka. "Asiyejua hulala hapa mlangoni, asiamshe mtu siku akiondoka."

Nikautandika mlangoni.