Kumfuata Konsolata Lipingo

Niliondoka Kitura asubuhi, ukungu bado umekaa kwenye mikahawa, kwenda Lipingo kumrudisha binti yangu Konsolata. Alifaulu kuliko wote shuleni kwao, akapata ufadhili wa wanaofanya vizuri. Lakini ufadhili wenyewe ni wa chuo kimoja tu, na chuo kiko Mwanza. Siku zote alitaka ualimu, asome Songea, karibu na sisi. Sasa Songea haitaki tena kuisikia.

Mimi niliishia la saba, na leo nusu ya kahawa ya Kitura inapita kwenye mashine yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo nilijua nitamweza.

Mbinga mjini nilijaza mafuta, nikaanza kushuka. Kona baada ya kona baridi inabaki nyuma, koti nikalivua. Ziwa linajitokeza chini, linapotea, linajitokeza tena. Mbamba Bay sikusimama. Kutoka hapo ni vumbi.

Lipingo nilifika mchana. Mama mkwe wangu, aliyemlea Konsolata tangu mama yake afariki, alikuwa anageuza usipa, dagaa wa huku, juu ya chanja. Konsolata alikuwa anamsaidia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe. Umenenepa. Huko juu mnakula kahawa?"

"Tunaiuza mama, tunakula nyama."

Akacheka. Konsolata hakucheka.

Nikamweleza Konsolata kilichonipeleka. Sisi Wamatengo kila ukoo una ntambo wake, mlima wanaogawiwa watoto wa kiume. Yeye nilikuwa nimemkatia kipande, upande wenye maji, mradi asome Songea kwa hela yangu. Kwetu Kitura sijaona binti aliyepewa hivyo.

"Asante baba," akasema. "Ila nikisoma kwa hela yako, nitakuwa kitu ulichonunua, kama ile mashine."

"Kuna ubaya gani?"

"Wewe nani alikupa? Na mimi ufadhili huu nimeupata mwenyewe."

Nikamtazama bibi yake anisaidie. Akaendelea kugeuza usipa.

"Mwache," akasema. "Mimi sidhani kama nitamwona tena, na nimemwambia aende."

Kesho yake tulipanda mimi na binti yangu hadi Mbinga. Akaingia kwenye basi, safari ya Mwanza. Kitura nikarudi peke yangu.

Nimejifunza kwamba ufadhili ule unachagua kwa alama, na anayechaguliwa ndiye anayekwenda mbali. Watoto wa jirani zangu walifeli. Kila jioni nawasikia wakiitwa kula. Wa kwangu alifaulu.